Tarehe ya Kurudi

Nina kompyuta moja na printa inayokohoa,
nyuma ya Sabasaba, mlango wa bluu.
Ubaoni nimeandika: PASPOTI SAIZI, KOPI,
TUNAJAZA FOMU ZA AINA ZOTE.
Nilikuwa sijaiona ile.

Yudita Malogo alikuja na vumbi la Hombolo miguuni,
nyaraka zake ndani ya mfuko wa sukari.
Alivua kilemba, akakifunga upya.
"Binti yangu kajifungua Ubelgiji.
Nataka siku ishirini na tano tu,
nimwogeshe mtoto, nimkande mama yake, nirudi."

Jina la ukoo: hilo jepesi.
Mahali pa kuzaliwa.
"Andika Chilungu. Au usiandike. Chilungu hakipo.
Lori la Operesheni lilituzoa mwaka sabini na moja,
tembe tukaiacha imesimama, na paka juu yake."
Nikaandika Dodoma.

Tarehe: Julai mosi, kama nusu ya wateja wangu.
Serikali ilituzaa siku moja.

Utaifa wakati wa kuzaliwa, kama ni tofauti.
Nikahesabu kwa vidole. Sitini na mbili.
"Mama, wewe ulizaliwa Mtanganyika."
Akatazama nje, bodaboda zinapita.
"Kumbe nimeshahama nchi," akasema,
"na ndege sijapanda."

Picha: usicheke, mama. Masikio yaonekane.
Nikampiga mbele ya shuka jeupe,
akatoka kama mtu aliyekwisha kukataliwa.

Nani atagharamia? Mbeho, binti yake.
"Nilimwita Mbeho, Baridi, maana alizaliwa kipupwe,
ule upepo wa Julai unaopasua visigino.
Ona sasa jina lilikompeleka."

Taarifa ya benki, miezi mitatu:
laki nne zimeingia, laki nne zimetoka,
kama ng'ombe kisimani.

Kisha lile swali.
Ushahidi kwamba utarudi nyumbani.
Hati ya nyumba? Hana.
Barua ya mwajiri? Hapo akacheka,
meno yote aliyoyaficha kwenye picha.
"Mwajiri wangu ni mizabibu, ekari moja na robo.
Nimepogoa Aprili, Agosti zinaiva.
Zabibu haimsubiri mtu, mwanangu.
Ikiiva haupo, nyuki wapo. Ndege wapo.
Huo si ushahidi?"

Nikashuka na kipanya mpaka chini, nikapanda tena.
Kisanduku cha mizabibu hakikuwepo.
Tarehe ya kurudi: 12 Agosti.
Hiyo ndiyo aliyoitaja haraka kuliko zote.

Akaenda Dar kwa treni ya umeme.
Alipopita tena dukani alininyooshea vidole kumi.
"Mashine haikuniona. Mara tatu.
Mkasi wa kupogolea umenifuta.
Kijana wa watu akanipangusa kwa kitambaa
kama anafuta ubao."

Bahasha ilichukua wiki tatu.
Nikamsomea mimi.
Alama ya vema, kwenye mstari mbaya:
*kuna mashaka kuhusu nia yako ya kuondoka
kabla muda wa viza haujaisha.*
Nikarudia kwa sauti, nikidhani nimekosea.
"Wanaogopa nitabaki?"
"Ndiyo, mama."
"Nani avune?"
Sikuwa na la kusema, naye hakungoja.
Alidai kopi zake zote, akazirudisha kwenye mfuko wa sukari.
Za kuharibika aliniachia.

Tarehe kumi na mbili Agosti, saa nne asubuhi,
nilikuwa namkatia askari picha zake nne.
Akaingia na ndoo ya zabibu nyeusi,
bado zina ule unga wake wa kijivu,
akaitua juu ya printa. Printa ikanyamaza.

"Fungua ile fomu."
"Mama, ile ilishafungwa."
"Fungua. Andika nimerudi."

Nikaandika.
Askari akasogeza benchi, tukala watatu,
mbegu tukizitemea
kwenye karatasi zilizokosewa.