Fomu Niliyokwenda Nayo Konde

Mstari wa kwanza: "Mtoto amtazame mtu usoni,
sekunde tatu." Nikakaa jamvini na saa yangu
na kile kidude cha kubofya, cha kuhesabia.
Shaame, miaka saba, akautazama ukili wa bibi yake.
Sifuri. Sifuri. Sifuri.

Bi Mize alikuwa akisuka, mkeka haujafika nusu.
"Hiyo ni tasbihi?" akauliza.
Nikasema, karibu na hivyo.
"Basi wamhesabia dhambi gani?
Mtoto kamuinamishia mgeni macho. Ndivyo tulivyomfunza,
na kufunzika kwake, mwanangu, kumetuchukua miaka miwili."

Sikuwa na kisanduku cha kutia hilo.

Siku ya pili akaweka kijiti juu ya kijiti.
Nikapiga makofi, "Hodari! Hodari sana!"
kama nilivyofundishwa, sauti iruke, uso ung'ae.
Bibi akadondosha ukili.
"Sema mashaallah! Wataka apatwe na jicho?"
Na Shaame, masikio kayaziba kwa viganja,
kwa sababu zake mwenyewe
alikuwa upande wa bibi.

Usiku, chumba cha kupanga Wete, umeme umekatika,
nikamkumbuka mama kule Tukuyu:
miaka thelathini hajamtazama mkwewe uso.
Akisikia kikohozi chake njiani huingia migombani,
kikapu kichwani, mimi mgongoni.
Nani angemwandikia mama sifuri?
Mimi. Mimi Atuganile, mwenye cheti,
niliyekisahau kikohozi kile darasani.

Msimamizi akapiga simu: mbona jedwali lina mapengo?
Nikamwambia nimeufuta mstari wa kwanza.
Akanyamaza. Vocha iliisha, au alikata.

Nimeandika mwingine kwa kalamu, bibi akinisahihisha:
"Ashike mkono wa mkubwa, aubusu, chei-chei.
Sifa: mashaallah, kwa sauti ya chini."

Wiki ya tatu, bado anautazama ukili.
Ila jana, nilipokuwa nafunga mkoba,
kitu chenye joto kiligusa kifundo cha mkono wangu,
paji lake au mdomo wake, sikuona,
maana nami nilikuwa nimeinamisha macho.
Sikubofya.
Bi Mize akasema polepole, bila kuinua kichwa:
"Mashaallah. Moja."