Nafasi ya Neno Moja

Kitabu, ukurasa wa arobaini na moja:
"Mto wa mji wetu una rangi ya ______."
Jibu lipo nyuma, kwa herufi ndogo: buluu.

Watoto ishirini na wawili wakaandika buluu.
Dirisha li wazi. Chini ya dirisha
mto unapita mweusi kama masizi ya sufuria,
unatoka kiwandani wanakoosha manganizi,
na hakuna hata shingo moja iliyogeuka.

Nikauliza, "Nani ameuona mto leo?"
Mikono yote juu.
"Nani ameandika alichokiona?"
Ikashuka, mmoja mmoja,
kama theluji inavyoporomoka paani mwezi Machi.

Nakiri: nilikuwa nimeshajiandalia ushindi.
Ningeandika ubaoni KITABU KIMEKOSEA,
nipige mstari chini, kengele ilie,
niende zangu nikanywe chai.

Lakini Lamzira, yule wa kukohoa,
akasema bila kunyanyua mkono:
"Mwalimu Mzevinar, mto unaitwa Shavtskala.
Maji Meusi.
Bibi yake bibi yangu aliuita hivyo,
na kiwanda hakikuwapo."

Chaki ikaniganda vidoleni.

Waliomzomea nikawanyamazisha, kisha nikanyamaza mimi.
Jina lile nimelitamka miaka hamsini na minne
kama mtu anavyotamka jina lake mwenyewe,
bila kulisikia.

"Sijui," nikasema.
Neno lilitoka na kutu.

Bidzina alikuwa ameinama. Baba yake huosha mawe kule;
viatu vya Bidzina, daftari la Bidzina,
vyote vimetoka katika weusi ule ule.
Sikumwita. Kuna swali ambalo mtoto
ana haki ya kulibeba hadi nyumbani kwanza.

Alhamisi tukashuka na chupa za achari,
tukateka juu ya kiwanda, tukateka chini yake.
Tsotne akaloa magoti, akajifanya hasikii baridi.
Huko juu maji yalikuwa maangavu,
ila yamelalia mawe meusi tititi,
hata ukisimama darajani utaapa ni wino.
Huko chini, chupa yenyewe ilivaa kaniki.

Basi bibi hakusema uongo.
Wala dirisha halikusema uongo.
Na buluu?
"Labda aliyeandika alipita siku ya anga safi,"
akasema Tsotne, "tena akiwa ndani ya ndege."
Wakacheka. Nikacheka.
Kisha nikamwambia athibitishe.

Mkaguzi anakuja Jumatatu.
Atafungua ukurasa wa arobaini na moja,
atakuta kistari kile kifupi
na penseli zimekivuka, zimeingia pambizoni,
zimegeuza karatasi na kuendelea upande wa pili.
Nimeshona kifungo cha koti langu. Sina maandalizi mengine.

Chupa ziko dirishani. Kila asubuhi
Bidzina anazipima kwa rula: tope limeshuka kiasi gani.
Leo nilimpa kalamu atuandikie jibu.
Akaipokea, akaichungulia chupa ya pili,
akairudisha.
"Bado hayajatulia, Mwalimu."