Kimo

Kijana wa utafiti amekuja na kishikwambi,
viatu vyake vyeupe kavivua mlangoni bila kuambiwa,
akauliza: Mama, ukikadiria, moja hadi tano,
hatari ya mafuriko hapa Mabatini unaionaje?

Nikamwambia sogea, usiegemee ukuta.
Soma.

Upande huu, penseli ya seremala:
Sayi, miaka mitatu. Sayi, minne.
Ng'wigulu, siku aliyosimama bila kushika kiti.
Upande ule, mkaa:
huyo ni Mirongo.
Naye nampima. Naye ni wa nyumba hii,
halipi kodi, huja usiku,
haulizi wenyewe wapo.

Mwaka wa kwanza alimfikia Sayi magotini.
Wa pili hakuja, tukasema kapata adabu.
Wa tatu alimpita Sayi kwa vidole viwili.
Vidole viwili, kijana. Andika hiyo.
Sayi alikuwa juu ya kabati, kakumbatia redio,
nami namwita jina kila baada ya pumzi,
giza lisije likaitika kwa niaba yake.

Mvua ya hapa haitutishi.
Hapa panaweza kuwa pakavu, nguo ziko kambani,
jirani anakaanga dagaa, nyota zote zipo.
Inanyesha kule juu, kwenye mawe.
Mawe ya Mwanza hayanywi.
Yanapokea maji na kuyasukuma mbele
kama karani: nenda dirisha lile.
Dirisha la mwisho ni sisi.

Ndiyo maana nina Nkwimba.
Nkwimba anauza mkaa jirani na kalavati la juu.
Maji yakigusa tofali la tatu ananibipu mara moja.
La tano, mara mbili.
Sipokei. Kupokea ni kula salio lake na dakika yangu.
Nambipu Bahitwa fundi cherehani,
Bahitwa anambipu mama lishe wa kona,
na mama lishe, simu yake ni sufuria:
anaipiga kwa mwiko
mpaka mtaa mzima uamke
bila mtu kuuliza nani kafa.

Dakika ishirini.
Godoro darini, kamba nilishazifunga.
Vyeti vya kuzaliwa ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko.
Unga. Kiberiti.
Bibi Ngolo wa chumba cha nyuma hatembei,
kwa hiyo mlango wake tumeung'oa bawaba, umeshikwa na komeo tu:
vijana wa kuosha magari wanauchomoa,
wanamlaza juu yake, wanapanda naye hadi shuleni.
Tulijaribu Jumapili moja, jua kali,
naye huko juu anacheka:
Nishusheni, mnanizoesha jeneza!

Basi kwa nini hamhami?
Kauliza kwa upole, sikumkasirikia.
Hapa chumba ni elfu ishirini na tano.
Mlimani ni mara mbili, na maji unanunua kwa dumu.
Umeiona hiyo? Tukimbie maji
tukayanunue.

Manispaa nao walipita, wakachora X nyekundu ukutani kwa nje.
Nilisimama nikaitazama: inanifika kifuani.
Hata wao wamepima, ila hawajui
wamempima nani.

Kijana amebonyeza nne. Nilimwona.
Sikubishana naye, namba ni zake.
Nikamwonyesha tu mstari wa leo asubuhi:
Sayi kampita Mirongo kiganja kizima.
Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi,
nikaenda kuwasha jiko, nikarudi kuutazama tena,
ndipo nikakumbuka
kwamba wote wawili bado wanakua.

Unatafuta viatu?
Viko kule, juu ya msumari.
Hapana, leo hainyeshi.
Ni mazoea tu.