Kisahani

Bibi yangu Rimgaile alimwekea maziwa
chini ya jiko la udongo,
na nyoka wa ukosi wa njano akaja, akanywa,
akarudi zake bila deni.
Mungu mdogo, wa nyumba moja tu.

Padri Mpoland alipofika Samogitia na maji yake
hakumuua.
Alitubatiza sote siku moja:
mimi Katarina, kaka yangu Yohana,
yeye Ibilisi.

Sasa yuko ukutani kanisani,
kaongezwa pembe,
shingo chini ya unyayo wa malaika.
Watoto humtemea mate.

Bibi aliinua mshumaa, akamtazama sana.
“Umekonda,” alimwambia.

Usiku theluji iliziba mlango.
Alfajiri kisahani kilikuwa kikavu.
“Ni paka,” bibi alimjibu padri.

Hatujawahi kufuga paka.