Daftari la Mkopo

Mama yangu aliuza chumvi na mafuta ya taa Kibaigwa.
Kila kilichotoka dukani alikiandika:
Mzee Chedego, nusu kilo. Bado.
Hakumdai mtu kwa kelele.
Alifungua ukurasa tu, akaugeuza umwelekee.

Nami usiku huu, wodi ya njiti, Dodoma,
Julai, upepo ukisukuma vumbi chini ya mlango,
ninaandika:
jana asubuhi, nusu mililita, sukari;
jana jioni, moja, wingi wa damu;
leo alfajiri, moja tena,
maana ile ya jioni iliganda kabla haijafika maabara.

Hiyo iliyoganda ndiyo inayoniuma.

Mtoto wa Wendo Masima hana jina bado.
Gramu mia tisa na themanini.
Damu yake yote, ukiikusanya
toka utosini hadi kisiginoni,
haijazi kikombe cha kahawa,
nasi tumeshachota kijiko, na cha pili,
ili tujue kama anayo ya kutosha.

Daktari Ndahani ameshika karatasi: tisa na nusu.
"Angekuwa anapumua mwenyewe, ningengoja."
Anatazama mashine ya hewa, anatazama tumbo
linalopanda na kushuka kama la mjusi.
Zamani tukiona kiganja cheupe tulikimbilia mfuko.
Siku hizi tunajua subira nayo ni dawa,
ila ina kipimo chake.
"Mwongezee," anasema.

Kule maabara Nyemo amegawa mfuko mmoja vifuko vinne,
vyote ameviandikia njiti huyu huyu.
"Akihitaji tena, iwe ya mtu yule yule.
Mgeni mmoja anamtosha."

Wendo, kitini, kanga kifuani:
"Ni ya nani?"
Nasoma namba. Mfuko hauna jina.
Najua tu gari la damu lilipita shule moja ya Mpwapwa
kabla ya likizo, nikamwona kichwani
kijana wa kidato cha sita, mkono kaukunja,
soda ya chungwa mkono wa pili,
anaringia pamba iliyobandikwa.
"Atamrithi tabia?"
"Labda atapenda soda."
Anacheka. Tangu Jumanne sikuwahi kuyaona meno yake.

Mililita kumi na tano, saa nne nzima.
Pampu inasukuma polepole
kuliko mlenda unavyoachana na mwiko.
Kila robo saa nahesabu: mapigo, joto, pumzi.
Mshipa ni uzi. Nikikohoa naomba radhi.
Saa tisa usiku sikio lake, lililokuwa karatasi,
limepata rangi.
Au ni taa.

Asubuhi anaingia daktari mpya wa zamu, kalamu mbele:
wingi wa damu, chumvi, figo, ini, sukari.
Simjibu.
Nafungua daftari, nageuza ukurasa umwelekee.
Anasoma mstari kwa mstari, midomo ikijumlisha.
Anafuta ini. Anafuta figo.
Kalamu inasita juu ya chumvi, inafuta.
Sukari inabaki, tone moja, la kisiginoni.

Nampasha mtoto mguu kwa kiganja changu, nachoma,
kisha naandika:
Mtoto wa Wendo, tone moja.
Bado.