Honi Tatu

Miaka kumi na mmoja Mtama kwangu ilikuwa honi tatu:
moja penye ghala la korosho,
moja shuleni, moja sokoni,
kisha lami tupu mpaka Mnazi Mmoja.
Niliona migongo, ndoo, baiskeli,
vikiruka pembeni kama makapi kwenye ungo.
Nyuso sikuziona. Nyuso zinataka mwendo mdogo.

Sasa naijua kwa magongo.
Toka kwa dada yangu Binasa hadi zahanati
ni mapigo mia nne na kumi na mbili,
siku kavu. Siku ya mvua sihesabu.
Mtaroni pamelazwa gogo la mnazi, ndilo daraja.
Wenye miguu miwili hulipita wakipiga soga.
Mimi huketi, magongo mapajani,
nikajikokota kwa makalio, inchi kwa inchi,
mtu mzima, na suruali ya kuendea kliniki.

Mtaro huu haukuchimbwa na adui.
Aliyeuchimba alikuja kwa gari,
akaondoka kwa gari.

(Mguu niliuacha Mbwemkuru. Hayo basi.)

Mwezi wa kumi, korosho zikishuka toka Masasi,
malori yanafuatana kama siafu,
na watoto wa darasa la kwanza wako ukingoni,
wameshikana mikono: Sasa! Bado! Sasa!
Hakuna anayejua. Mimi najua.
Najua tani thelathini hazisimami kwa huruma;
zinataka mita themanini
na mtu wa kuziomba mapema.

Nikachukua kanga ya Binasa, ile nyekundu,
Hujafa Hujaumbika,
nikaifunga kwenye gongo, nikahesabu mita zangu,
nikasimama.

Wa kwanza alinitukana kwa Kimwera safi.
Nikamrudishia, kwa Kimwera safi zaidi.
Wa pili alinitupia mia tano, akidhani naomba.
Nikaiokota. Nikaongezea, nikanunua chokaa.
Watoto wakachora mistari, imepinda kama mkia wa kenge,
mvua ikaifuta, wakachora tena.
Barua ya matuta iko ofisini tangu Mfungo Sita,
nayo pia inangoja kuvuka.

Binasa anataka kanga yake.
Namwambia kesho.

Leo asubuhi lori jeupe, breki zikapiga kwikwi,
pua yake hatua mbili tu toka kwenye chokaa.
Dirishani Chinyemba, utingo wangu wa zamani,
siku hizi usukani ni wake.
"Bosi?" akasema. "Ni wewe?"
Sikumjibu, nilikuwa nahesabu:
watoto thelathini na tisa, mbuzi mmoja,
mama mjamzito, mkono kiunoni,
na nyuma yao Binasa na ndoo yake kichwani,
ambaye hakuharakisha hata kidogo.

Huko nyuma mtu akapiga honi. Akapiga tena.

Chinyemba akazima injini.