Nani Atafagia Vioo?

Baba yangu, Stanko Vrabel, alipaka rangi madaraja ya Pittsburgh
miaka thelathini na mmoja,
manjano juu ya manjano,
mkanda kiunoni, mto Monongahela chini ya soli za viatu,
na hakumpenda shujaa yeyote wa sinema
mpaka alipomwona Nondo.

Nondo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kapigwa na radi,
kapewa nguvu asizoziomba.
Katika sehemu ya kwanza, kabla hajaruka,
alisimama ukingoni mwa daraja
akajifuta viganja kwenye suruali.
Mara mbili.
Baba akanipiga kiwiko gizani:
"Huyu anatoka jasho. Huyu nampa kazi kesho."

Ya pili tuliingoja miaka saba.
Mtoto wa dada yangu kazaliwa, kaota meno, kang'oka meno.
Baba kawekewa goti la titani, akaringa
kwamba na yeye sasa ni Nondo, walau mguu wa kushoto.
Kizuri chajiuza, wanasema;
hiki kilitembezwa kwenye vikombe vya soda, kwenye mabasi,
kwenye dawa ya meno,
nami sikushtuka.

Ijumaa ya Februari, theluji imelala kando ya njia
nyeusi kama makaa yaliyolowa.
Bisi ndani ya ndoo ya kumwogeshea mtoto.
Baba alivaa koti la kanisani.

Sitaki kuwamalizia uhondo wasioiona,
lakini uhondo upi?
Mwigizaji ni yuleyule, ila kachongwa:
kifua mlango wa benki, meno vigae vya hospitali.
Haogopi tena. Anaruka akitania.
Anaanguka akitania. Mkewe anakufa, anatania,
kisha mkewe hafi.
Adui ni wingu la zambarau lenye sauti ya mtu mwenye mafua;
linautaka ulimwengu, halisemi wa kufanyia nini.
Wakaja mashujaa wengine tisa, mmoja mmoja,
kama wageni wa arusi wanaotangazwa na mshereheshaji
na bwana arusi hatujaonyeshwa.

Halafu mji ukabomoka.
Dakika arobaini, mji unabomoka.
Minara ikakunjana kama maboksi ya piza,
na daraja, la manjano, nadhani letu,
au binamu yake aliyezaliwa kwenye kompyuta,
likachanika katikati bila boliti hata moja kulia.
Hakuna mtu dirishani. Hakuna kiatu barabarani.
Nikamtazama baba. Mwanga wa zambarau
ulimpanda usoni, ukashuka.
Akaninong'oneza, si kwa hasira,
kama mtu anayeuliza saa:
"Nani atafagia vioo?"

Kijana wa nyuma yetu akatunyamazisha.
Sawa. Alilipa.

Nitende haki: muziki ulikuwa mzuri. Kulikuwa na mbwa.
Na kuna sekunde nne, labda tano,
Nondo yuko peke yake ndani ya lifti,
anaitazama mikono yake,
nami moyoni: sasa. Jifute. Mara moja tu.
Mlango ukafunguka. Akatania.

Majina yakapanda, meupe, maelfu.
Baba hakuinuka. Aliyasoma kwa heshima,
vile anavyoyasoma ya wachimba makaa kwenye mnara wao,
hadi akawapata.
"Ona wapaka rangi," akasema. "Wengi hivi!"
Kisha wingu jingine, jekundu, na maandishi:
Nondo atarudi.

Garini nikamuuliza kama tutakuja ya tatu.
Akawasha kifuta kioo, akakizima.
Hatukusema kitu mpaka juu ya daraja,
lile halisi, linalotikisika lori likipita.
Akapunguza mwendo, akanyoosha kidole upande wa kusini
palipoanza kuliwa na kutu.
"Pale," alisema,
"walipaka bila kusugua."